Safu ya Kuachwa

Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya ofisi za bandari, na kabla haijawa maabara ilikuwa stoo ya kamba na rangi za meli. Ukifungua mlango, kwanza ilikupokea harufu ya rangi ya zamani, kisha ya tope, na mwisho ya sabuni. Hiyo ya sabuni ilikuwa kazi ya Mama Chupa. Jina hilo alibandikwa na mlinzi wa getini, nalo likamganda, hata fundi wa bomba akibisha na kuuliza nani yumo ndani, mwenyewe alijibu, "Ni mimi, Mama Chupa."

Kazi yake alikuwa akiipenda. Aliosha chupa, mirija ya kioo, bakuli na vijiko vyembamba vya kuchotea tope. Alivisugua kwa burashi refu, akavisuuza kwa maji ya bomba, akarudia kwa maji safi ya dumu la Daktari, kisha akavipindua juu ya kitambaa cheupe vikauke bila doa. Chupa iliyooshwa vizuri, alisema, ukiigonga kwa ukucha inalia kengele. Iliyooshwa ovyo inasema "tu".

Daktari hakuwa daktari wa kutibu watu. "Huyu wetu ni daktari wa matope," mlinzi alipenda kusema, "na wagonjwa wake hawalalamiki." Alikuwa binti mwembamba, umri kama wa kitindamimba wa Mama Chupa, mwenye mazoea ya kusahau chai mpaka ikaota ngozi juu. Asubuhi aliingia na "Shikamoo, mama," Mama Chupa akaitikia "Marahaba, mwanangu," na siku nyingine hiyo marahaba ilikuwa sauti yake ya kwanza kuisikia tangu jana yake jioni.

Maana nyumbani hakukuwa na mtu. Mume alikwisha kwenda mbele ya haki, watoto walitawanyika kila mmoja na maisha yake, simu zikawa za "nipo njiani, mama, nitakupigia." Vyumba viwili, redio ya jirani ikisikika ukutani, na sufuria lilelile la kupikia watu wanane. Sufuria dogo hakuwahi kununua. Akipika wali wake wa kikombe kimoja, unakaa chini kabisa kama kitu kilichodondoka kisimani. Anapakua, anauweka mezani, anautazama. Kuna siku unapoa hivyohivyo.

Sasa habari ya tope. Miaka ya nyuma meli moja kuukuu ilipasuka tumbo karibu na mlango wa bandari, mafuta yake mazito meusi yakasukumwa na maji mpaka kwenye ghuba ndogo ambako wanawake walikuwa wakiokota chaza. Yaliyoelea juu yalizolewa, watu wakapiga picha, wakaenda zao. Yaliyozama yakabaki. Ukikanyaga pale, alama ya mguu wako inajaa maji yenye utando wa rangirangi, na chaza walionusurika wananuka mafuta ya taa hata uwachemshe namna gani. Wale wanawake wakaacha kwenda. Wengine sasa wanauza vocha, wengine wamekaa tu.

Siku Daktari alipoleta ndoo za kwanza za tope hilo, Mama Chupa alishika pua.

"Mama, usilidharau," Daktari alimwambia. "Humu ndani wamo bakteria, wadogo hata macho hayawaoni, ambao chakula chao ni mafuta."

"Mafuta haya ya meli?"

"Hayahaya."

"Na hawaumwi tumbo?"

Daktari akacheka mpaka akaweka ndoo chini. "Hawaumwi. Wakipata hewa, na mbolea kidogo, wanakula kama wasafiri waliofika. Shida yao ni hewa. Tope limeshikana, mafuta yamelifunika kama blanketi. Basi wamo humo chini, wanalala njaa na chakula kiko mbele yao."

Maneno hayo yalimwingia Mama Chupa mahali. Alipokuwa akifuta meza aliitazama ile ndoo mara mbili.

Daktari akajaza tope kwenye chupa, akazipanga rafuni safu mbili. Safu ya juu ilizibwa kwa pamba, hewa ipite, na kila siku zilitikiswa asubuhi, mchana na kabla ya kufunga. Safu ya chini ilizibwa kwa vizibo vya mpira vilivyobana, ikaachwa. Baraza la mji lilikuwa linataka kujua jambo moja tu: je, litafute mashine ya kupita ghubani kuligeuza tope kama mtu anavyolima shamba, hewa iingie, au liiache ghuba kama ilivyo, ijiponye yenyewe? Kuligeuza kulikuwa na gharama na kelele. Kuliacha kulikuwa rahisi, na watu wa baraza wanapenda rahisi. "Safu ya juu ni tope lililolimwa," Daktari alieleza. "Ya chini ni tope lililoachwa. Chupa zenyewe zitawajibu."

Kabla mambo hayajafika popote, Daktari akaitwa kwao. Baba yake alikuwa hoi.

"Mama, nakuachia wewe," alisema, begi begani. "Safu ya juu, tikisa kama unavyoniona. Tone la mbolea kila wiki. Safu ya chini usiiguse. Hata vumbi usiifute."

"Hata vumbi?"

"Hata vumbi."

"Haya mwanangu. Nenda kamuone baba. Hizi ziko mikononi mwangu."

Na kweli zilikuwa mikononi mwake, hapo ndipo tatizo lilipoanzia.

Wiki za mwanzo alifuata neno kwa neno. Alizitikisa za juu kwa mzunguko wa kiganja, polepole, kama mtu anayezungusha maziwa ya mtoto yapoe. Maji yake yakaanza kubadilika. Pande jeusi la mafuta lililokuwa linaelea likapasuka vipande, vipande vikawa matone, matone yakawa vumbivumbi, na maji yakawa na ukungu kama ya kuoshea mchele. "Hao wanakula," alijisemea. Akawa anazisalimu. Mtu asimcheke, chumba kizima kilikuwa kimya, na mlinzi alikuwa mbali getini na redio yake ya mpira.

Lakini kila akiinama kupiga deki, macho yake yalikuwa sawa na ile safu ya chini. Zimekaa. Mafuta yamelala juu, meusi, mazito, hayana hata kiputo. Vizibo vimebana. Vumbi limezikalia mabegani. Mama Chupa alilea watoto wanne na wa ndugu wawili, na katika maisha yake hakuwahi kumpakulia mmoja mwingine akitazama. Akawa anapiga deki haraka upande ule. Halafu akawa anapiga deki taratibu.

Aliwaza hivi, na ukimsikiliza unaona hakuwa mjinga: Daktari anataka nini? Si anataka mafuta yaishe? Si anataka ghuba ipone? Sasa akirudi akakuta safu moja imepona na nyingine inaugua, atafurahi nusu. Akikuta zote zimepona, je? Kuhusu kulimwa na kuachwa, alikuwa amesikia, lakini alisikia kama mtu anavyosikia tangazo la abiria wa safari nyingine.

Asubuhi moja akavuta kizibo cha chupa ya mwanzo ya safu ya chini. Kikatoka na sauti ndogo, "pu", kama mtu aliyeachia pumzi. Harufu ya yai bovu ikampiga usoni. "Masikini wee," akasema, "ulikuwa unapumua nini humo?" Akaitikisa. Akaiacha wazi mpaka alipomaliza deki, kisha akaiziba. Kesho yake akavuta na ya pili. Wiki haikuisha, zote zikawa zinapata zamu yao, na vumbi aliliacha palepale mabegani mwa chupa, kwa uangalifu, akizishika shingoni tu. Hapo basi ujue moyo wake ulikuwa na habari kwamba ni kosa.

Mlinzi alimkuta siku moja, vizibo vimepangwa mezani.

"Ahaa! Leo wagonjwa wote wametolewa nje kuota jua?"

"Toka hapa na mdomo wako. Wanavuta hewa kidogo."

"Si ulisema hawa wa chini hawaguswi?"

"Nimesema wanavuta hewa kidogo."

"Mimi sijaona kitu," mlinzi akasema, mikono juu. "Mimi nalinda geti."

Daktari alirudi amekonda, kitambaa cheusi kichwani. Baba alikuwa ameshazikwa. Mama Chupa alimkumbatia palepale mlangoni, wakalia kidogo, kisha Daktari akajifuta uso, akavaa koti lake na kuingia kazini. Alitoa mafuta yaliyobaki katika kila chupa kwa dawa yake ya kuyeyushia, akayapitisha kwenye mashine, akawa anaandika. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Mama Chupa aliosha na kusikiliza ile mashine ikikoroma.

Siku ya mwisho Daktari akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu arudi alikuwa anatabasamu.

"Mama, huwezi kuamini. Safu ya chini imekaribia ya juu. Wamekula bila hewa! Peke yao, kwenye giza lao, hakuna aliyewagusa!"

Burashi likamponyoka Mama Chupa ndani ya sinki.

"Sasa maana yake nini?" aliuliza.

"Maana yake ghuba haihitaji mashine. Ilimwe ya nini? Iachwe tu, itapona yenyewe. Baraza linakaa wiki ijayo, nitawaambia hivyo. Watafurahi." Akacheka kicheko kidogo, kilichochoka. "Na mimi nitapata kitu kimoja kilichonyooka mwaka huu."

Mama Chupa akalitafuta burashi kwenye povu. Sasa ndiyo alisikia lile tangazo, na safari ilikuwa yake. Wataiacha ghuba. Hakuna atakayeigusa, kwa sababu yeye alizigusa chupa. Wale bakteria watakaa chini ya blanketi lao miaka na miaka, na wanawake wataendelea kuuza vocha, na kila mtu atasema sayansi imesema.

Jioni getini alimweleza mlinzi.

"Nyamaza," mlinzi akasema papo hapo, hata hakufikiri. "Mama Chupa, nakwambia kama mdogo wako. Nyamaza kama hukuwepo. Ukisema, kibarua kimeota nyasi. Utakwenda wapi? Utaosha chupa za nani?"

"Na ghuba?"

"Ghuba ilikuwepo kabla yako. Wewe huna hata shangazi kule."

"Sina."

"Sasa?"

Akarudi nyumbani, akapika, akapakua, akatazama. Redio ya jirani ilikuwa ikicheka. Alijaribu kufikiria siku zake bila ile maabara, zikamjia zote zimefanana: mlango, meza, sahani. Hakuna wa kumwambia shikamoo. Aliogopa kuliko alivyoogopa siku ya msiba wa mume wake, maana siku ile nyumba ilikuwa imejaa watu.

Asubuhi alimkuta Daktari ameshaanza kuandika taarifa ya baraza. Hakuvaa aproni. Alisimama mbele ya meza kama mgeni.

"Daktari, nina neno."

"Sema, mama."

"Safu ya chini niliigusa."

Daktari akaendelea kuandika kidogo, kisha kalamu ikasimama. "Uliigusa vipi? Ulifuta vumbi?"

"Vumbi sikufuta. Nilivuta vizibo. Nikazitikisa."

"Ipi na ipi?"

"Zote."

"Mara moja?"

"Kila asubuhi. Isipokuwa nilipokuwa na homa."

Daktari alizitazama karatasi zake, akazikusanya, akazigonga mezani zikae sawa, akaziweka chini tena.

"Kwa nini, mama? Nilikwambia hata vumbi."

Usiku kucha Mama Chupa alikuwa ameandaa maelezo marefu. Likatoka neno moja tu. "Nilizionea huruma."

"Ni matope, mama."

"Najua ni matope."

"Nilimwacha baba yangu hospitali nikatoka nje kukupigia simu, nikuulize kama safu ya chini iko salama. Ukaniambia iko salama."

"Niliona iko salama," Mama Chupa akasema, na machozi yakamtoka, kwa sababu ilikuwa kweli.

Daktari hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema tu, "Nenda nyumbani. Leo siwezi kukuangalia."

Akaenda. Getini mlinzi alimwona uso wake, akazima redio bila kuambiwa.

Siku zilizofuata alifua mapazia, ambayo yalikuwa safi. Alipanga vyombo kabatini kwa ukubwa, kisha kwa rangi. Alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango, na kila miguu ilipopita nje alijikuta ameshika mkono wa kiti kama mtu anayetaka kusimama. Miguu ikapita. Hakumpigia mtoto yeyote. Angewaambia nini, kwamba amefukuzwa kwa kuyahurumia matope? Mikono yake, iliyozoea kulowa kutwa, ikaanza kukauka na kupasuka vidoleni. Alijisikia kama kitu kilichosahaulika rafuni.

Aliyekuja kubisha alikuwa mlinzi, mchana, kofia mkononi.

"Hodi. Nimetumwa. Nimeambiwa nikuambie sinki limejaa."

"Nani amesema?"

"Sinki lenyewe. Nani mwingine? Vaa viatu."

Maabara ilikuwa na tope jipya. Kulikuwa na safu mbili tena, ila ya kuachwa sasa ilikuwa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Daktari. Kikao cha baraza kiliahirishwa. Mwenyekiti alikuwa amesema maneno makali kwenye simu, hata mlinzi aliyasikia. Daktari alizitikisa zile za wazi mwenyewe, kila siku, mara zote. Alisema "Shikamoo" akiangalia pengine, na neno "mama" halikufuata. Alisema "hizi zioshwe", "hizo zisuuzwe tena". Mama Chupa aliosha, akasuuza. Kuwa peke yako nyumbani kuna namna yake. Kuwa peke yako na mtu mwingine chumbani ni kazi nzito zaidi. Mara nyingi alilipita lile kabati akashusha macho, asije akadhaniwa anachungulia. Chai ya Daktari ilikuwa ikiota ngozi mezani, naye hakujua kama bado ana haki ya kumkumbusha.

Muda ukapita. Kabati likafunguliwa. Mashine ikakoroma siku zake. Mama Chupa hakuuliza, lakini hakuhitaji mashine, kwa sababu chupa zilifika kwenye sinki. Zile za kutikiswa zilitakata kwa mzunguko mmoja wa burashi, zikalia kengele. Zile za kabatini mafuta yalikuwa yameshika kioo kama lami, kahawia, yakamganda burashini, yakamwingia chini ya kucha. Alibadilisha maji, akabadilisha tena. Hazikulia kengele. Aliziosha akijua ghuba nzima ingebaki hivyohivyo kama angeinyamazia ile taarifa ya kwanza.

Daktari akaenda barazani na karatasi zake. Mama Chupa akabaki na sinki. Kutwa nzima. Mlinzi alikuja mara mbili kuuliza kama kuna habari, akajibiwa kwamba aliyekaa getini ni yeye.

Jua lilikuwa limeanza kuingia kwa dirisha la upande wa bahari Daktari aliporudi. Akavua viatu mlangoni, akakaa kwenye kigoda, akanyoosha miguu.

"Watalima," alisema. "Wamebishana mpaka wamechoka, lakini watalima. Maji yakipungua vya kutosha mashine itaingia."

"Alhamdu—" Mama Chupa akaanza, akakatisha, akafuta mikono kwenye aproni. "Nimefurahi, Daktari."

"Mwenyekiti alinibana lakini. Anataka kujua kwa nini kikao cha kwanza nilikiahirisha dakika ya mwisho. Nikamwambia mimi na mwenzangu tulikosea upimaji, tukarudia."

Mama Chupa alifikiri. Aliwapitia wote aliowajua: fundi wa bomba, yule kijana wa mashine anayekuja mara moja kwa mwezi, mlinzi.

"Mwenzako yupi?" aliuliza. Aliuliza kweli, hakuwa anatafuta sifa.

Daktari akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya karatasi. Akatazama chumba: rafu tupu, kabati wazi, vigoda viwili, sinki.

"Humu ndani unamwona nani mwingine, mama?"

Mama Chupa akageukia sinki. Kulikuwa na chupa moja ya kabatini imebaki, ile iliyoshindikana. Akaishika shingoni, akaizamisha, akasugua. Mgongo wake ulikuwa kwa Daktari, na aliendelea kuuweka hivyo.

"Na bado nimekasirika," Daktari akasema huko nyuma. "Usidhani yameisha."

"Sidhani."

"Siku nyingine naamka nimekasirika upya kabisa."

"Una haki."

"Basi."

"Basi," Mama Chupa akasema, akamimina maji meusi, akafungulia mengine. "Chai yako ya asubuhi ipo pale mezani. Niimwage au unaiangalia tu?"